Kurasa Mbili

"…Sindano ikamwingia kidole gumba, ncha ikakatikia ndani," mwalimu alisema, kisha akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza kila mwaka alipofika mahali hapo. "Mpaka dada yangu anafariki, ile ncha ilikuwa bado humo."

Darasa la sita lilikaa kimya kama maji mtungini. Watoto arobaini na wawili, na hata wale wawili wa nyuma ambao kazi yao ilikuwa kuchorana mikononi kwa kalamu, waliacha kuchorana. Mwalimu aliuacha ukimya huo ufanye kazi yake. Alijua kipimo chake: pumzi tatu, si nne. Ukizidisha, kuna mtoto atacheka kwa woga na kila kitu kitaharibika.

"Kwa hiyo," aliendelea, akainua kitabu cha darasa, "ninaposoma hapa kwamba binti wa mfinyanzi alivunja chungu akavificha vigae chini ya kitanda, mimi sisomi habari za chungu peke yake. Namwona mtoto mmoja aliyeruka kurasa mbili ili awahi kwenda kucheza, akadhani dada yake hatajua. Nani mtoto huyo?"

"Wewe!" darasa likaitikia.

"Ni mimi. Haya, zamu yenu."

Kwenye kona ya ubao kulikuwa na maswali matatu ambayo dasta haikuweza kuyafuta, maana aliyaandika kwa rangi ya mafuta, na mwalimu wa hesabu akamnunia mwezi mzima kwa nafasi yake iliyoliwa. Inanikumbusha nini maishani mwangu? Inanikumbusha hadithi gani nyingine? Inanikumbusha nini duniani? Shule nzima ilimwita Mwalimu Inanikumbusha. Hata mpishi alipomjazia chai alimuuliza inamkumbusha nini, akacheka peke yake kila siku kana kwamba utani huo ameutunga asubuhi hiyo.

Kila mtoto alikuwa na kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili. Ataandika linalomjia, atakichomeka ndani ya kitabu mahali palipomgusa. Vilivyo bora mwalimu aliomba ruhusa ya kuvihifadhi, akavitia kwenye kopo la biskuti lililokaa kabatini.

"Mwalimu, mimi!"

Mkono uliokuwa juu ulikuwa wa Kidole. Binti huyu alikuwa na jina lake la kawaida, ila tangu darasa la tatu hakuna aliyelitumia, kwa sababu kidole chake hakikuweza kukaa chini zaidi ya dakika mbili.

"Ngoja wenzako waandike kwanza."

"Yangu haiandikiki, mwalimu. Ni ndefu."

"Haya, sema. Swali la ngapi?"

"La pili. Hadithi na hadithi." Alisimama. "Hadithi yako ya dada inanikumbusha hadithi ya fundi anayenishonea sare. Naye ana sindano kidoleni. Hapa." Alionyesha kidole gumba cha kushoto. "Kuna kidoti cheusi, ukikibonyeza ni kigumu. Nilimuuliza, akasema mdogo wake alikuwa anamsomea akaruka kurasa mbili. Mbili, mwalimu, alisema hivyo hivyo. Halafu akaniuliza tunasoma nini shuleni, nikamwambia habari za chungu, akasema, 'Na huyo binti anakukumbusha nani?' Kama wewe kabisa! Nikacheka."

Mwalimu aliegemea meza kana kwamba anatafuta chaki.

"Mafundi wengi hujichoma sindano," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini kurasa?"

Mwaka huo shule ilikuwa imebadilisha rangi ya sare kuwa bluu, mafundi wa karibu wakazidiwa na kazi, wazazi wakaanza kuvuka kwenda upande wa pili wa mji. Hilo hakulifikiria kabisa.

"Jumamosi nakwenda kuchukua sare yangu," Kidole aliendelea, macho yamemng'aa. "Nitamuuliza kama alimjua marehemu dada yako. Labda walikuwa marafiki."

"Kaa chini," mwalimu alisema.

Aliisema kwa ukali. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumkalisha mtoto kwa kosa la kuunganisha. Kidole alikaa, kidole chini, hajui amekosea wapi.

Kipindi kilipokwisha, mtoto mmoja alibaki nyuma. Alikuwa yule msichana mrefu wa dirishani, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa anarudisha kipande chake kitupu. Leo alikiweka mezani kimeandikwa pande zote mbili, akaondoka bila neno. Mwalimu alikisoma akiwa amesimama. *Inanikumbusha kaka yangu. Alifariki mwaka jana barabarani. Asubuhi ile nilimfichia viatu kwa utani, akachelewa, akawa anakimbia. Nyumbani hawajui. Nimekwambia wewe kwa sababu na wewe dada yako.*

Sentensi iliishia hapo. Alimkimbilia mlangoni kumuuliza kama anaweza kukihifadhi; msichana akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu akakitia ndani ya kopo la biskuti, akalifunga.

Ukweli ni kwamba dada yake hakufa. Alikuwa mzima wa afya, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na mwalimu aliujua mtaa wake vizuri kiasi cha kujua namna zote za kuukwepa.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Dada alimtangulia kwa miaka saba. Aliacha shule darasa la nne akae na cherehani ya mama, na yule mdogo ndiye akasomeshwa. Jioni alirudi na kumsomea dada huku dada anashona mapindo. Kitabu kilikuwa kimoja, cha hadithi, kimenyofoka jalada, na kazi hiyo ilikuwa adhabu tupu, kwa sababu dada hakuwa na sentensi aliyoiacha ipite salama. "Ngoja. Huyo mfalme si kama mwenye nyumba wetu?" "Ngoja. Njaa hiyo si ndiyo ile ya mwaka ule, wewe ulikuwa bado unanyonya?" Palipomgusa alikata kipande cha kitambaa chochote alichokuwa akikishona, akakichomeka katikati ya kurasa. "Dada, acha nisome!" mdogo alikuwa akilalamika, mpira unamsubiri nje.

Siku ya sindano ilikuwa hadithi ya mzee na punda wake. Mvua kubwa, kamba imekatika, punda amepotea. Hapo ukurasa unaisha. Mtoto akafunua kurasa mbili kwa mpigo, akaendelea: punda yumo uani anakula majani. Dada akainua macho. "Punda amefikaje nyumbani?" Ndipo sindano ilipoingia. Damu ikadondokea kitabu, mama akaja mbio, na kurasa zile mbili hazikusomwa tena na mtu yeyote.

Miaka mingi baadaye, chuo cha ualimu, mkufunzi aliwaeleza namna ya kumfundisha mtoto aunganishe anachokisoma na maisha yake. Wenzake wote waliinama kunakili. Yeye hakunakili. Somo hilo alikuwa amefundishwa tangu utotoni, na lilinuka mafuta ya cherehani.

Mama aliugua miaka mitatu. Dada ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Mwalimu alikuwa akifundisha mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na alifika siku ya mazishi, kaburi limeshafukiwa nusu. Alimwambia shangazi kwamba ujumbe wa kuitwa haukumfikia. Kisha akalia. Alilia mpaka wanaume wawili wakamshika mabega. Dada yake alimtazama kwa macho makavu, akasema mbele ya watu wote, "Machozi hayo ungeyaleta alipokuwa anaomba maji."

Alasiri hiyo hiyo alichukua mkoba wake, akachukua na kitabu kutoka kwenye droo ya cherehani bila kumwomba mtu, akaondoka. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita.

Miaka miwili baada ya hapo alihamishiwa katika mji huu, ule ule aliokuwa akiishi dada yake. Wiki ya kwanza alitaka kuwapa watoto mfano, na mfano uliomjia haraka ni wa sindano. Mtoto mmoja akauliza, "Dada yako alikufa, mwalimu?" Angeweza kusema hapana. Akasema ndiyo. "Pole, mwalimu," watoto wakasema, wote kwa pamoja, kwa sauti ndogo. Tangu mama azikwe hakuna aliyekuwa amempa pole. Ilimwingia vizuri mno. Mwaka uliofuata aliisema tena, na mwaka uliofuata tena, na kadiri alivyozoea ndivyo alivyoisimulia kwa ufundi zaidi. Kumlilia dada aliyekufa kulikuwa rahisi kuliko kumwendea dada aliye hai.

Aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la mkate. Alikuwa na vikombe viwili, kimoja cha kunywea na kingine cha kuwekea kalamu. Jumanne hiyo jioni alichana karatasi za mitihani ya zamani kwa rula kutengeneza vipande vya wiki ijayo, na redio ikawa inaongea, na yeye mara moja moja anaijibu. Aliposhtuka alikuwa amechana vipande vya kutosha muhula mzima.

Jumatano alimpata Kidole kwenye varanda ya madarasa. Alikuwa ameshapanga la kusema: atamwambia asimsumbue fundi huyo na maswali, watu wazima wana mambo yao.

"Kuhusu yule fundi wako," alianza.

"Ndiyo, mwalimu?" Kidole alimtazama kwa hofu ya jana. Alikuwa anasubiri kugombezwa mara ya pili.

"Uliunganisha vizuri," alisema. "Jana sikukwambia. Uliunganisha vizuri sana."

Baada ya masomo miguu yake ikampeleka mwenyewe upande wa pili wa mji. Mbele ya chumba cha dada yake kulikuwa na duka la misumari na rangi, akaingia humo ajifiche nyuma ya ngazi zilizoegemezwa mlangoni.

"Nikusaidie nini, kaka?" mwenye duka aliuliza.

"Kufuli."

"La mlango wa aina gani?"

"Wa kawaida tu."

Ng'ambo ya barabara dada yake alikuwa amempa ubavu. Nywele zilikuwa nyeupe upande mmoja, na alivaa miwani ambayo mwalimu hakuijua, imefungwa kwa uzi mweusi. Alikuwa anashona bluu. Kila alipofika mwisho wa mshono alikibonyeza kidole gumba kwenye ukingo wa meza, mara mbili, kisha akageuza kitambaa. Mazoea yale yale. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani, wala kiti cha pili. Mwalimu alisimama mpaka mwenye duka akaanza kumtilia shaka, akarudi nyumbani na kufuli la mlango asiokuwa nao.

Alhamisi aliingia darasani mikono mitupu.

"Leo hatufungui kitabu. Nina jambo la kusema, na msicheke mpaka nimalize."

Wakacheka papo hapo. Alisubiri.

"Dada yangu hajafa."

Kicheko kikakatika. Mmoja wa wale wachoraji wa nyuma akauliza, kwa nia njema kabisa, "Amefufuka?"

"Hakufa. Sindano ni kweli. Kurasa mbili ni kweli. Kifo nilikiongeza mimi."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Tuligombana." Alitafuta neno la kuongeza, jambo la kuwafaa watoto, la kuandikwa kwenye kona ya ubao. Hakulipata. "Tuligombana, na nikaona haya kurudi. Nyinyi mkanipa pole, nikaipokea. Haikuwa yangu. Nisameheni."

Kwa mara ya kwanza Kidole alizungumza bila kuinua mkono. "Kwa hiyo ni yule fundi wangu."

"Ni yeye."

"Basi niliunganisha sawasawa."

"Sawasawa kabisa."

Hakuonekana kufurahi. Hakuna aliyeonekana kufurahi. Walimtazama kama unavyomtazama mtu uliyemwona amevaa nguo kinyume, mtu mzima, na huwezi kumwambia.

Kengele ilipolia walitoka bila kelele, jambo lililomuuma kuliko kelele yoyote. Msichana mrefu wa dirishani alikuja mpaka mezani.

"Naomba karatasi yangu."

Mwalimu alifungua kabati, akatoa kopo, akafunua. Hakulazimika kutafuta, kilikuwa juu kabisa.

"Nilichokosea ni changu," alisema. "Ulichoandika wewe ni cha kweli na hakijapungua."

"Nilidhani na wewe…" Msichana hakumaliza. Alikikunja kile kipande mara nne mpaka kikaenea ndani ya ngumi. Kisha, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, akasema, "Kwaheri, mwalimu," akaenda zake.

Mwalimu alibaki na kopo wazi mikononi. Mle ndani mlikuwa na vipande vya miaka tisa, baba za watu, bibi za watu, mbwa waliopotea, na hakuna hata kimoja chenye mwandiko wake.

Jumamosi alijikaza kisabuni. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshafika, awahi kabla Kidole hajaja. Kitabu alikifunga kwa gazeti na kukiweka ndani ya mkoba. Mlango ulikuwa wazi, cherehani inanguruma.

"Shikamoo, dada."

Cherehani haikusimama. Mshono wa bluu ulikwenda mpaka mwisho, kidole gumba kikabonyeza ukingo wa meza mara mbili, kitambaa kikageuzwa.

"Nasikia nilikufa," dada yake alisema.

Mwalimu aliushika mlango. Kumbe mama yake Kidole alikuwa na haraka zake, sare ilichukuliwa jana, na Kidole akamwaga yote.

"Nilikufa na nini?"

"Sikuwahi kusema."

"Hata ugonjwa hukunipa." Aliuma uzi kwa meno, akatema kipande. "Nimezikwa mara ngapi?"

"Miaka tisa. Mara moja kwa mwaka."

"Mara tisa! Kuna matajiri hawajapata heshima hiyo. Watu walikuwa wengi?"

"Arobaini. Mwaka huu arobaini na wawili."

"Walilia?"

"Wengine. Wale wadogo wadogo."

"Na wewe? Maana wewe kulia unajua."

Hilo lilimpata pale pale lilipokusudiwa. Kwa muda alitamani kufanya kama alivyofanya mara ile: achukue mkoba, atoke. Mtu mmoja akaingia na suruali mkononi, akamsaidia kubaki, kwa sababu mlango ulizibwa.

"Fundi, nipunguzie urefu kidogo tu."

"Vaa viatu vyako vya kazini urudi saa tano. Sipimi suruali ya mtu mwenye ndala."

Mteja alicheka, akaiacha suruali, akaondoka. Dada akaitundika ukutani. Bado alikuwa hajamtazama mdogo wake usoni.

"Nilikutumia ujumbe mara tatu," alisema, mgongo bado umegeuka. Utani ulikuwa umemwishia. "Mara ya tatu mama alikuwa ananiuliza kila basi linapopita. Shangazi akaniambia eti haukufika."

Mwalimu alikuwa amejitayarisha kuomba radhi kwa kumzika mtu aliye hai. Njiani aliyapanga maneno hayo vizuri, kama somo. Hili hakulipanga, na aliona wazi kwamba akiliruka, hakutakuwa na haja ya kuyasema mengine yote.

"Ulifika," alisema.

Mkono wa dada ukatulia juu ya suruali.

"Ulifika mara zote tatu. Shule ilikuwa imefungwa, nauli nilikuwa nayo. Niliogopa kumwona vile. Kila asubuhi nilisema nitakwenda kesho." Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto. "Sikuwa na sababu nyingine, dada. Niliogopa tu, nikakuachia wewe peke yako."

Nje gari lilipita, likatikisa kidogo mkasi uliokuwa mezani. Dada alirudi kwenye kiti chake, akakaa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa kilichokuwa kinashonwa, akaivaa. Sasa alimtazama, kuanzia viatu mpaka kichwani, na mwalimu akasimama kama mtu anayepimwa.

"Kola umeishona mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Inaonekana." Macho yakashuka kwenye mkoba aliokuwa ameukumbatia kifuani. "Toa hicho unachokikumbatia."

Alitoa kitabu, akafungua gazeti. Dada alivuta pumzi.

"Kumbe ulikuwa nacho wewe! Niligeuza nyumba nzima. Shangazi nilimtuhumu, mpaka leo hanipitii." Alikichukua kwa mikono miwili. Hakutazama maandishi, kusoma kwake kuliishia darasa la nne na miaka ilikuwa imekula hata hicho kidogo. Alikwenda kwa vitambaa. Alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. "Gauni la kijani la mama. Hii suruali yako ya kwanza ya shule. Hili pazia la jirani, alikataa kulichukua. Hili… hili tena gauni la mama." Alifunua taratibu mpaka akafika mahali ambapo hapakuwa na kitambaa, ila doa dogo la kahawia pembeni mwa ukurasa.

Akakisukuma kitabu upande wa pili wa meza.

"Punda alifikaje nyumbani?" aliuliza.

Kwa kuwa hakukuwa na kiti cha pili, mwalimu alikaa juu ya mzigo wa vitambaa. Alisafisha koo. Amewasomea watoto kwa miaka zaidi ya ishirini, anajua wapi pa kushusha sauti na wapi pa kunyamaza pumzi tatu. Yote hayo yalimtoka. Alisoma kama mtoto wa darasa la pili, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Mzee alimtafuta punda mpaka mchana. Alimwita kwa majina yote anayoyajua. Alishuka mtoni, akapanda, akauliza wapita njia, akalowa. Akakata tamaa akarudi nyumbani bila punda, amejikunyata. Na alipoingia uani, punda alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umelowa, amefika muda mrefu. "Umepita wapi wewe?" mzee akamuuliza. Punda akatikisa masikio.

Ukurasa ulikuwa umekwisha.

"Ndiyo hivyo tu?" dada alisema.

"Ndiyo hivyo tu."

"Miaka yote hii nilidhani kuna jambo kubwa. Mto, simba, sijui nini. Kumbe alikuja tu mwenyewe!" Alitikisa kichwa. Alianza kucheka, ila hakikuwa kicheko kamili, akakizuia kwa nyuma ya mkono. "Ngoja. Huyo punda ananikumbusha mtu."

Mwalimu alisubiri aambiwe ni nani. Hakuambiwa. Dada yake alichukua mkasi, akakata kipande cha bluu kwenye ukingo wa sare, upana wa vidole viwili, akakiweka mezani kati yao, si ndani ya kitabu na si mkononi mwa mtu. Shikamoo yake ilikuwa bado haijaitikiwa. Dada aliweka mkono wa kushoto juu ya gurudumu la cherehani ili lisizunguke, kidoti cheusi kikaonekana juu ya kidole gumba.

"Endelea," alisema. "Na usiruke."